Pampu ya Seli Inayopitisha Sumukuvu Hadi Kwenye Maziwa

Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa mashariki na kati ya Kenya, wengi wao wakitoka Makueni na Kitui. Macho yalikuwa manjano, ini limeharibika. Walikuwa wamekula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu hadi yakaota kuvu aina ya Aspergillus flavus, inayotoa sumu iitwayo sumukuvu.

Sumukuvu haibishi hodi. Chembe yake hupatana na mafuta, nao utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta, basi hupenya yenyewe. Ikishafika kwenye ini, vimeng'enya huigeuza ikanasa kwenye DNA.

Kuitoa ndiko kuna kazi. Kazi hiyo ni ya protini zilizochomekwa kwenye utando, ikiwemo ABCG2, inayotumia nishati ya seli kusukuma sumu nje. Mwaka 2006 watafiti wa Amsterdam walionyesha kuwa panya wasio na pampu hii hubaki na sumukuvu nyingi zaidi mwilini. Ila pampu hiyohiyo, ikiwa kwenye tezi za maziwa, huisukumia kwenye maziwa ya mama. Mlinzi wa mama anamponza mtoto!

Umbo la ABCG2 ya binadamu lilichapishwa mwaka 2017 na kundi la Zurich: katikati kuna mwanya mwembamba unaofaa chembe bapa, na sumukuvu ni bapa. Lakini picha hiyo imetulia, na pampu hufanya kazi kwa kujikunja na kujikunjua. Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Protini huwekwa, kwa hesabu tu, ndani ya utando, maji na chumvi, kisha nguvu zinazovuta kila atomu hukokotolewa hatua kwa hatua. Kufuatilia sehemu moja ya milioni ya sekunde huhitaji hatua zipatazo milioni 500. Mzunguko mzima wa pampu huchukua muda mrefu zaidi ya huo, kwa hiyo majibu ya kompyuta hayana budi kupimwa tena maabara.

Ukambani, ziliko Makueni na Kitui, wanaotwanga mahindi kupata muthokoi, yaani mahindi yaliyoondolewa ganda, hupunguza sumukuvu pasipo kompyuta yoyote, kwani sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini. Haiishi yote. Na makapi hayo akilishwa ng'ombe, ini lake huibadili sumu kuwa aina ya M1, ikatokea kwenye maziwa; kuyachemsha hakuiondoi.