Pima Stima Kama Unavyopima Maziwa

Ndugu mkulima, ukipeleka lita 100 za maziwa na lita 77 tu zikalipiwa, utauliza zile 23 zimekwenda wapi. Kampuni ya stima nayo hupimwa hivyo hivyo.

Stima nyingi ya Kenya sasa hutokana na mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana na upepo wa Turkana. Hilo ni jambo jema. Lakini katika mwaka wa fedha wa 2022/23, kati ya kila uniti 100 zilizonunuliwa na Kenya Power, karibu 23 hazikuuzwa. Nyingine zilipotea kwa joto la nyaya, nyingine zilitumiwa bila mita.

Tazama mitaa ya Kibera na Kawangware, Nairobi. Huko vyumba vingi hupata stima kwa nyaya zisizo halali. Mpangaji humlipa mtu wa katikati kila mwezi, na kampuni haioni senti. Tena nyaya hizo huunguza nyumba na kuua watu. Kuzikata tu hakutoshi, maana hurudishwa. Dawa ni mita halali na bei ambayo mpangaji aweza kulipa.

Jambo hili lakuhusu wewe pia, kwa sababu sehemu ya hasara hiyo huingizwa katika bei ya stima inayoendesha pampu yako. Basi mkutanoni uliza mambo matatu: Ni uniti ngapi zimeletwa kwetu? Ngapi zimelipiwa? Stima ilikatika kwa saa ngapi? Majibu yake ndiyo kipimo.