Herufi Moja ya Kimelea cha Malaria

Anayeteremka kutoka Namanyere kwenda Kipili huiacha nyuma baridi ya uwanda wa juu wa Ufipa, na joto humpokea hata kabla hajaliona ziwa. Tofauti hiyo ya hali ya hewa ni tofauti ya maradhi pia. Kule juu mbu aenezaye malaria hustawi kwa shida. Huku chini, kandoni mwa Ziwa Tanganyika, malaria ni mwenyeji. Tena Kipili ni bandari. Meli ya MV Liemba ilitia nanga hapo kwa miaka mingi, na vyombo vya wavuvi na wachuuzi hukatiza maji yanayogusa Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Abiria hushuka na mzigo wake, na pengine na vimelea ndani ya damu, mzigo ambao hakuna ofisa wa forodha awezaye kuukagua.

Katika zahanati, tone la damu ya kidole na kipimo cha haraka hujibu swali moja tu: malaria ipo au haipo. Swali la pili, yaani iwapo kimelea hicho bado kinaitii dawa kama kilivyoitii zamani, halijibiwi na kipimo hicho. Jibu lake limo ndani ya vinasaba. Tone jilelile likidondoshewa kwenye karatasi ya chujio, likakaushwa vizuri na kufungwa pamoja na kifyonza unyevu, laweza kusafiri mpaka kwenye maabara kubwa bila jokofu. Mashine za huko hazitoi jina la ugonjwa. Hutoa herufi, nyingi mno, na kazi ya kuzipanga, kuzilinganisha na kuzifasiri kwa kompyuta ndiyo iitwayo bayoinfomatiki.

Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali, kina takribani herufi milioni 23 za DNA katika kromosomu 14. Ramani yake kamili ilichapishwa mwaka 2002. Alfabeti yake ina herufi nne tu: A, C, G na T. Seli hunakili sehemu ya maandishi hayo kuwa RNA, ambamo T hubadilishwa na U, kisha huisoma nakala hiyo herufi tatu tatu. Kila utatu huita asidi amino moja, na asidi amino zikiunganishwa huwa protini.

Chukua jeni iitwayo kelch13. Protini yake ina asidi amino 726. Anayeitafuta ya 561 atazidisha 560 kwa tatu, apate 1680; basi herufi zinazohusika ni ya 1681, 1682 na 1683. Ile ya katikati ikigeuka kutoka G kuwa A, asidi amino iitwayo arginini huondoka na histidini huketi mahali pake. Wataalamu huandika badiliko hilo kwa ufupi: R561H. Ni herufi moja katika milioni 23, lakini kimelea chenye badiliko hilo huchelewa kutoweka katika damu ya mgonjwa anayemeza dawa zenye artemisinini.

Historia ya ugunduzi huu inaihusu Tanzania zaidi ya wengi wanavyojua. Uhusiano wa kelch13 na usugu ulitangazwa mwaka 2014 baada ya watafiti kukikuza maabara, kwa miaka mitano, kimelea chenye asili ya Tanzania huku wakikizidishia artemisinini, kisha wakayalinganisha maandishi yake na ya ndugu yake asiyepewa dawa. Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa ya R561H nchini Rwanda. Herufi zilizo jirani na badiliko hilo zilionyesha kwamba vimelea hivyo havikuletwa kutoka Asia, bali badiliko lilizuka hapahapa Afrika. Kisha sampuli zilizokusanywa mwaka 2021 katika mikoa 13 ya Tanzania zikaonyesha badiliko hilohilo mkoani Kagera, mpakani mwa Rwanda.

Mgonjwa asiingiwe na hofu kwa habari hizi. Dawa mseto ya ALu iliendelea kuponya hata huko Kagera. Kilichobadilika ni kasi ya kusafishika kwa damu. Dozi zake sita kwa siku tatu zimezwe zote, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, hata kama homa imetulia siku ya kwanza. Na homa inayodumu au kurudi ni sababu ya kurejea zahanati, si ya kununua vidonge vingine dukani.

Kujifunza kusoma herufi hizi hakuhitaji utajiri. BLAST, programu iliyoanza mwaka 1990, hutumiwa bila malipo: mtumiaji hubandika mfuatano wake, na kompyuta za mbali huutafutia unaofanana nao. Hata simu ya mkononi hutosha kwa zoezi dogo la namna hiyo, ingawa mafaili mazito ya mashine za kisasa huhitaji kompyuta kubwa. Mtandao wa H3ABioNet ulipofundisha somo hili barani Afrika mwaka 2016, mihadhara ilirekodiwa na kupakuliwa mapema, ili intaneti dhaifu isiwe kisingizio. Mpango huo ungewafaa sana wa Kipili.

Ugumu uko kwingine. Anayeanza hupenda kuiamini programu kuliko akili yake. Akianza kusoma herufi moja mbele ya mahali panapostahili, utatu wote huvurugika na protini inayotokea ni upuuzi mtupu, lakini kompyuta humwandikia bila kusita. Akiona A palipo na G, sharti kwanza aulize: je, herufi hiyo ilisomwa mara ngapi, na kwa uhakika gani? Huenda ni kosa la mashine. Huenda pia mgonjwa ana aina mbili za vimelea kwa pamoja, jambo la kawaida penye malaria nyingi.

Lipo pia swali ambalo hakuna programu ijibuyo: mgonjwa alitoka wapi? Kipande cha karatasi chenye tone la damu kikifika maabara bila tarehe, bila jina la kijiji na bila maelezo ya safari, R561H ikionekana humo haitajulikana kama imezaliwa ufukweni Kipili au imeshuka kutoka kwenye boti wiki iliyopita. Maelezo hayo huandikwa kwa kalamu, na muuguzi wa zahanati, mgonjwa angali ameketi mbele yake.