Uvimbe wa Ini Utokanao na Tegu wa Mbwa



Hapa Hombolo, mtu akivimba tumbo upande wa kulia, maneno huwa mengi: pombe, bandama, hata kurogwa. Sababu isiyotajwa sana ni tegu wa mbwa.

Tegu huyu ana urefu wa milimita chache tu. Mbwa humpata akila maini au mapafu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe yenye vifuko vya maji. Mayai hutoka na kinyesi chake na kumfikia mtu kupitia mikono, maji au mboga zisizooshwa. Ndani ya ini hujengeka kifuko kinachokua polepole, mara nyingi miaka mingi bila maumivu. Mgonjwa hamwambukizi mwenzake.

Kwa kupapasa tumbo huwezi kuwa na hakika, na kipimo cha damu chaweza kuonyesha hakuna kitu wakati kifuko kipo. Kifaa kinachosaidia ni ultrasaundi. Kule Turkana, Kenya, ambako AMREF ilianza kudhibiti ugonjwa huu mwaka 1983, mashine za kubebeka zilitumika kupima watu vijijini. Mpimaji hutafuta ukuta wa tabaka mbili, vifuko vidogo ndani ya kikubwa mfano wa sega la nyuki, au utando uliobanduka unaoelea ndani ya maji. Kifuko cha maji cha kawaida, kisicho na mdudu, hakina alama hizo, ingawa kile kichanga cha tegu hufanana nacho mno. Kilichokufa huwa kizito ndani, au ukuta wake umekuwa mgumu kama chokaa. Kwa hiyo mashine pekee haitoshi. Bila mtu aliyefundishwa kusoma picha ni pambo la ofisi.

Mwaka 2003 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipanga picha hizo kwa hatua, maana hatua ndiyo inayoamua tiba: wengine hupewa albendazoli, wengine hunyonywa maji kwa sindano au hupasuliwa, na wenye kifuko kilichokufa huangaliwa tu mara kwa mara.

Tafadhali, uvimbe wa namna hii usitobolewe kiholela. Maji yake yakimwagika tumboni yaweza kumuua mgonjwa papo hapo, au kuotesha vifuko vipya.

Nazo kamati zinazochinja kwa ajili ya harusi na sikukuu zichimbe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, na maini na mapafu yenye malengelenge ya maji yazikwe humo.