Betri ni Amana: Gari la Umeme kwa Asiye na Soketi Nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Magari ya umeme yameanza kuzoeleka katika barabara zetu. Mengi ya yale yaliyo karibu na uwezo wa familia ya kawaida ni yaliyokwisha kutumika Japani, nayo hushushwa hapa hapa bandarini Kilindini yakiwa hayajazidi umri wa miaka 8, kama sheria ya nchi inavyotaka. Linalojulikana zaidi miongoni mwayo ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwaka 2010. Mtu huliona halinywi petroli, halibadilishwi oili ya injini, halina moshi wala kelele, akatamani kuweka humo akiba yake ya miaka.

Lakini wengi wanaotamani si wenye nyumba zilizozungukwa na ua. Ni wapangaji wa Majengo, Kisauni, Tudor na Mji wa Kale. Mtu anakaa ghorofa ya tatu, gari lake hulala kando ya njia, na soketi ya karibu ni ya jirani au ya msikiti. Hao ndio wanaouliza: je, asiye na pa kuchajia nyumbani aweza kuitunza betri isife kabla ya siku zake?

Aweza, inshaAllah, akishika mambo mawili. La kwanza ni kuijua tabia ya betri. La pili, ambalo husahauliwa, ni kuzichunga haki za wale atakaotegemea umeme wao. Akilipuuza la kwanza atapoteza mali, maana betri ndiyo kiungo cha thamani kuliko vyote katika gari hilo. Akilipuuza la pili atapoteza kikubwa zaidi ya mali.

Betri hupenda wastani

Betri ya gari la umeme ni ya madini ya lithiamu, ndugu ya ile iliyomo katika simu zetu. Betri za aina hii zilianza kuuzwa mwaka 1991, na wataalamu watatu walioiasisi elimu yake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Wazee wetu waliotumia betri za zamani za nikeli walifundishwa kuzimaliza kabisa ndipo wazijaze. Kwa lithiamu, kanuni hiyo haifai, tena inadhuru. Betri hii huchoka upesi inapokaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni, na huchoka vile vile inapokaa ikiwa tupu. Raha yake iko katikati. Kwa matumizi ya kila siku, ichezeshe baina ya asilimia 20 na asilimia 80. Una safari ndefu? Ijaze hadi 100, lakini fanya hivyo karibu na saa ya kuondoka, isije ikalala imejaa na kushinda juani imejaa.

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) amewasifu waja wake ambao katika kutumia mali hawafanyi israfu wala hawabani, bali husimama kati ya hayo mawili. Aliyelelewa juu ya adabu hiyo hataona taabu kuitunza betri.

Ipo aina moja ya kuangaliwa kwa namna nyingine. Baadhi ya magari mapya, yakiwemo ya BYD, hutumia lithiamu iliyochanganywa na chuma na fosfati badala ya nikeli na kobalti. Hiyo hustahimili kujazwa zaidi, na watengenezaji wengi hushauri ijazwe hadi 100 mara kwa mara ili kipimo cha gari kisidanganye. Basi kabla ya yote, jua betri yako ni ya aina gani, nawe ufuate kitabu cha gari lako.

Haba na haba hujaza kibaba

Tufanye hesabu kwa uniti, zile zile tunazonunua kwa tokeni. Gari kama Leaf hutumia yapata uniti 15 hadi 18 kwa kila kilomita 100. Anayetoka Mtwapa kuja mjini na kurudi huenda kilomita 40 hivi kwa siku. Huyo anahitaji uniti 6 au 7 tu. Soketi ya kawaida ya ukutani, kwa waya wa kuchajia unaovuta ampia 10, huingiza uniti 2 na kidogo kwa saa. Maana yake, saa 3 za soketi ya kawaida zatosha kurudisha kilichotumika siku nzima.

Kwa hiyo asiye na soketi nyumbani asiwaze kujaza gari zima kwa mkupuo mmoja. Na aangalie ni wapi gari lake husimama kila siku kwa saa kadhaa: kazini, dukani, kwa mzazi, kwa shemeji mwenye ua. Akipata saa 3 mara tano kwa wiki katika mahali pamoja panapojulikana, mambo yake yamekwisha. Tena kuchaji kidogo kidogo ndiko betri inakokupenda. Kushuka toka 70 hadi 50 kisha kupanda tena huichosha kidogo kuliko kushuka toka 100 hadi 5.

Vituo vya chaji ya haraka vipo, na vina faida yake kwa msafiri. Ila chaji ya haraka huipa betri joto jingi, na hupunguza mwendo betri ikishapita asilimia 80. Ikifika hapo ondoa gari lako: utakuwa umeihurumia betri na umempisha mwenzako anayengoja. Jingine, Leaf lililotoka Japani hutumia plagi ya CHAdeMO kwa chaji ya haraka, ilhali magari mengi mapya hutumia plagi za namna nyingine. Usikitegemee kituo kabla hujahakikisha kuwa kina plagi yako.

Joto la pwani

Adui mkubwa wa betri ni joto, nasi twaishi penye joto. Gari lililozoea baridi ya Japani likiletwa Mombasa, miezi ya Januari hadi Machi ambapo jua hupita nyuzi 30 mchana, huingia katika mtihani. Magari mengi ya umeme ya siku hizi hupoza betri kwa maji maalumu yanayozunguka ndani yake. Leaf la matoleo ya awali halina mfumo huo. Betri yake hutegemea hewa inayopita chini ya gari.

Basi mwenye gari la namna hii ashike adabu tatu. Aegeshe kivulini, chini ya mwembe au ukuta, hasa betri ikiwa na chaji nyingi, kwa sababu kujaa na joto vikikutana madhara huongezeka. Asichaji mara tu baada ya kufika kutoka mwendo mrefu. Aliache lipumzike, achaji baada ya Magharibi au alfajiri. Na asifululize chaji za haraka siku moja, bali aangalie kipimo cha joto la betri kilicho mbele yake, kikipanda kuelekea wekundu, apumzike.

Na anayesafiri kwa Hija au Umra aliache gari lina chaji ya nusu, wala asiliache limejaa. Tena asiisahau betri ndogo ya volti 12, ile inayowasha taa na kufungua milango. Hiyo hufa gari likikaa wiki nyingi bila kuwashwa, na ikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa ina chaji. Mwachie mtu amini ufunguo aliwashe kila wiki, au fundi aitoe waya wake.

Umeme huu ni wa nani?

Hapa ndipo panapotaka nasaha. Mwenye soketi yake hulipa mwenyewe. Asiye nayo hutumia ya mwingine, na mara nyingi mwingine huyo huona haya kusema.

Tuanze na msikiti. Tumezoea kuona mtu akichomeka simu ukutani akiswali Isha, na kamati ikanyamaza. Hiyo ni ada iliyovumiliwa kwa uchache wake. Gari silo simu. Chaji moja ya uniti 20 ni sawa na kujaza simu kama 1,000. Umeme wa msikiti hulipwa kwa sadaka za waumini na mapato ya wakfu, nayo mali ya wakfu ina masharti ya aliyeiweka. Haifai mtu kuvuta waya toka soketi ya msikiti au madrasa kwa kuwa tu amemzoea muadhini. Muadhini hana mamlaka ya kugawa mali hiyo, na kumwomba ni kumtia majaribuni.

Njia ya halali ipo. Aiendee kamati, nayo ishauriane na wanazuoni wake. Ikiona hakuna kizuizi katika wakfu, ifunge mita ndogo ya pembeni, iweke bei ya uniti, na kila mchajiji alipe na kuandikiwa risiti. Hapo jambo lililokuwa lile mali ya msikiti linaweza kuuingizia msikiti kipato, na saa moja na nusu ya Tarawehe ikawa pia saa ya mtu kupata uniti 3 alizozilipia.

Mwenye nyumba naye ana haki. Pale ambapo mita ni moja na wapangaji hugawana tokeni sawasawa, anayechaji gari huwafanya majirani walipe safari zake. Huenda kati yao yumo mjane anayewasha taa mbili tu. Mita ya pembeni huondoa shaka hiyo. Makubaliano yaandikwe: bei, saa, na nani atalipa fundi. Kitabu cha Allah kimetufundisha kuandikiana madeni, na uniti za umeme zilizotumika kabla ya kulipwa ni deni. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, iliyo nafuu zaidi saa za usiku. Wapangaji wa jumba moja wakiwa na magari kadhaa, wanaweza kumshauri mwenye nyumba aulizie mita ya namna hiyo kwa Kenya Power.

Waya na njia

Katika vichochoro vya Mji wa Kale, waya ulioteremshwa toka dirishani hadi barabarani ni mtego kwa mtoto, kwa mzee na kwa mkokoteni. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, vipi sisi tuuweke? Waya usipite mahali wapitapo watu.

Gari huvuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo, jambo ambalo pasi na birika havifanyi. Waya mwembamba wa kuongezea huchemka, na ukiachwa umekunjwa katika gurudumu lake huchemka zaidi. Tumia waya mnene, uliokunjuliwa wote, na soketi yenye waya wa ardhi iliyokaguliwa na fundi mwenye leseni. Baada ya nusu saa shika plagi: ikikuunguza mkono, zima. Hewa yetu ya chumvi hula vichwa vya plagi, basi zikaguliwe na kubadilishwa mapema.

Kabla hujanunua

Asiye na soketi nyumbani anahitaji betri yenye afya kuliko mwenye nayo, kwa kuwa hawezi kulichomeka gari kila anapotaka. Katika Leaf, pembeni ya kipimo cha chaji vipo vijiti 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kijiti cha kwanza hupotea betri ikishapoteza yapata asilimia 15 ya uwezo wake. Lakini usitosheke na vijiti, kwa maana wapo wanaovirudisha kwa hila. Fundi aunganishe kifaa cha kusoma kompyuta ya betri, kisha liendeshe gari kilomita 30 uone chaji imeshuka kiasi gani.

Matoleo ya kwanza yana betri ya uniti 24, ya baadaye 30, na yaliyoanza mwaka 2017 yana 40. Umbali wa Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi. Betri ya uniti 24 iliyochoka haitakufikisha huko kwa chaji moja, na simu ya msiba haingoji gari lijae. Mwenye jamaa wa mbali alipime hilo na ahli yake kabla ya kutoa fedha.

Nawe unayeuza, taja aibu ya betri. Kuificha ni ghashi, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki kisheria ya kuirudisha bidhaa.

Ndugu wasomaji, mali tuliyopewa tutaulizwa tuliichuma wapi na tuliitumiaje. Kabla ya kununua gari la umeme, basi, kaa na familia yako mwandike majina mawili: mahali gari litakapochajiwa, na mtu anayelipia umeme wa mahali hapo. Jina la pili likiwa si lako, nenda ukazungumze naye kwanza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.