Mukubwa naye anafuata mustari

Ndugu watumishi, na ninyi mama na watoto mnaotungojea ku nyumba, leo tunawatoa kidogo mu vumbi ya karieri na kuwapeleka Marekani. Musiseme: «Ndege na mutumishi wa mine, wapi na wapi?» Someni kwanza mpaka mwisho.

Mu jimbo la Wisconsin kuko muji unaoitwa Oshkosh. Kila mwaka, mwisho wa mwezi wa saba, watu wenye ndege zao ndogo wanakutana pale kwa sikukuu yao kubwa. Chama chao kilianza mwaka 1953, na tangu 1970 sikukuu inafanyika pale. Ndege karibu 10,000 zinafika mu eneo lile. Kuko saa ambamo ndege zaidi ya 100 zinatua na kuruka. Na wengi wao si piloti wa kazi: ni muganga, mulimaji, fundi wa motokari, muzee wa pension. Namna gani hawagongani?

Hatusemi hakuna ajali. Zinatokea, na watu wamekwisha kufa. Lakini kuko sheria iliyoandikwa, na kila piloti anapaswa kuisoma mbele ya kutoka kwake.

Sheria inasema hivi. Ndege zinaanzia juu ya muji wa Ripon. Toka pale zinafuata njia ya treni mpaka kijiji cha Fisk, moja nyuma ya ingine, sawa ekipe yetu inavyopanga mustari mbele ya kushuka chini. Kati ya ndege na ndege, karibu mita 900. Mwendo ni kilometa karibu 167 kwa saa, wala zaidi, wala chini. Zile zisizoweza kwenda polepole zinapita juu zaidi, na zenyewe zina mwendo wao. Kumupita mwenzako wa mbele ni mwiko. Ukishindwa kushika nafasi yako, unatoka mu mustari, unarudi Ripon, unaanza upya.

Tena, piloti anafunga kinywa. Kama wote wangesema mu radio, hakuna angesikia kitu. Pale Fisk, wenye kuongoza ndege wanasimama chini, wamevaa shati za rangi ya pinki, wanaangalia juu kwa macho yao. Hawaulizi jina lako. Wanaita ndege kwa rangi yake na umbo lake, na kukuambia utikise mabawa. Ukitikisa, wamejua umesikia. Kisha wanakuonyesha njia ya kutua. Ku kiwanja, barabara ina alama kubwa za rangi, na unaambiwa utue ku rangi gani. Ndiyo maana ndege mbili zinaweza kutua pamoja ku barabara moja, kila moja ku alama yake.

Sisi tuliotumika chini ya udongo tunajua ukimya ule. Kengele ya lifti haina maneno mengi: mara moja, mara mbili, kila mutu anajua maana yake. Lakini angalieni jambo moja. Piloti ananyamaza juu ya kuwa karatasi alikwisha kuipata mapema, bila kulipa. Na mwenye ndege ya bei kali anangoja nyuma ya muzee mwenye kandege kake ka mbao.

Hapa petu tumeona mambo mengine. Ku karieri moja, jeep ya mukubwa ilipita kamyo mahali kibao kinakataza kupita. Dereva wa kamyo, mwenzetu, alikata usukani, akaangukia ku mufereji, muguu ukavunjika. Karatasi ya ajali iliandika: kosa la dereva. Na ile règlement ya karieri ilikuwa mu Kifaransa, imebandikwa ndani ya ofisi ambamo dereva haingii. Tuliandika barua tatu mbele ya kile kipande «kosa la dereva» kufutwa. Muguu haukurudi sawa.

Hata Oshkosh walishindwa. Mwaka 2018 mvua na mawingu vilizuia ndege. Anga lilipofunguka, zote zilikuja pamoja, zikazunguka juu ya maziwa ya jirani kwa saa nyingi, mustari ukaharibika. Watu waliogopa. Miaka iliyofuata, sheria ilibadilishwa: waliongeza mahali pa kuingilia mustari mbali zaidi, ili watu wasisongane Ripon. Walitazama ku njia mahali sheria ilikosa, wakaitengeneza.

Basi sisi wa syndicat tunaomba mambo matatu, na hayana bei ya ndege. Sheria za njia ya karieri ziandikwe mu Kiswahili, na kila mutumishi apewe karatasi yake mbele ya siku ya kwanza ya kazi. Mwenye kuongoza njia panda awe na uwezo wa kusimamisha kila gari, hata ile ya directeur. Na baada ya kila ajali, tuketi pamoja na kutazama njia, kabla ya kuandika jina la mutu.

Kesho asubuhi, mbele ya ekipe kushuka, mwambieni kapita awasomee sheria kwa sauti. Akisema haiko, tuleteeni habari.