Mama wa Liongo na Ufumbuzi wa Fumbo

Kutoka Ngao, kwa Wapokomo wa Mto Tana, mtu akiufuata mto kuelekea baharini hufika Ozi na Kipini, nchi inayohusishwa na Fumo Liongo. Wapokomo nao humsimulia. Tangu Edward Steere alipochapisha hadithi yake mwaka 1870, na Muhamadi Kijumwa alipoitungia utendi mwaka 1913, wahakiki wamemwandama shujaa. Mamake hutajwa kwa kupita tu.

Kisa cha gereza chatosha kuonyesha kasoro hiyo. Liongo anampa kijakazi Saada ujumbe kwa wimbo, walinzi wakisikia wasielewe. Mama ndiye anayefumbua: anaoka mikate mizuri, na mmoja wa wishwa, ndani yake tupa. Walinzi wanakula mizuri. Ule wa wishwa wanamwachia mfungwa kwa dharau. Pingu zinakatwa huku ngoma ya gungu ikifunika sauti ya tupa. Ushairi wa Liongo, basi, usingalimfaa kitu pasipo msikilizaji huyu, na ni ajabu kwamba sifa zote za ufundi wa lugha amepewa mtungaji peke yake.

Mwana wa Liongo, kinyume cha bibi yake, anamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Liongo anapiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na kufa vivyo hivyo. Watu wanakosa maji kwa hofu. Anayeombwa kumkaribia ni mama. Anambembeleza aondoke, asijue kwamba anasema na maiti, mpaka siku ilipoanguka.