UMRI WA SAMAKI

Umri wa mtoto tunaujua. Ana cheti cha kuzaliwa, na mama yake anakumbuka. Mbuzi tunamtazama meno. Je, umri wa samaki tutaujuaje?

Ukipasua kichwa cha changu utakuta vijiwe vidogo vyeupe. Wengi wetu huvitupa. Vijiwe hivyo vimo ndani ya masikio ya samaki. Humsaidia kusikia, na kujua kama yuko wima au amelala ubavu. Kijiwe hukua pamoja na samaki mwenyewe, tabaka juu ya tabaka. Wataalamu hukikata chembamba na kukitazama kwa hadubini. Kisha huhesabu mistari yake, kama unavyoweza kuhesabu mistari ya gogo lililokatwa. Kwa samaki wengi, mstari mmoja ni mwaka mmoja.

Samaki huzeeka pia. Lakini baharini ni shida kumwona mzee, kwa sababu akipungua mbio huliwa. Uzee wake huonekana vizuri kwa wanaofuga samaki majumbani, ndani ya masanduku ya kioo. Yuko samaki mmoja anayependwa sana na wafugaji, aitwaye samaki malaika. Asili yake ni mto Amazon, Amerika ya Kusini, naye ni jamaa wa perege. Akitunzwa vizuri huishi miaka kama 10. Akizeeka huogelea polepole, rangi yake hufifia, hula kidogo, na huacha kutaga.

Sasa tutazame viumbe vitatu vya bahari yetu. Umri wao haulingani hata kidogo.

Wa kwanza ni pweza. Yeye si samaki hasa, maana hana uti wa mgongo, lakini tunamvua kila siku. Pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja hivi, au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Huyalinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Kwa kuwa maisha yake ni mafupi, hukua upesi sana. Ndiyo maana huko Kizimkazi wanakijiji wamewahi kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache. Mwamba ukifunguliwa, pweza huwa wamekua.

Wa pili ni chewa. Baadhi ya aina za chewa huishi zaidi ya miaka 30. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadaye hugeuka madume. Jike mkubwa mmoja hutaga mayai mengi kuliko majike wadogo kadhaa kwa pamoja. Tukivua wadogo wote, hapatakuwa na mama. Tukivua wakubwa wote, hapatakuwa na baba. Kwa chewa, miezi michache ya kufunga mwamba haitoshi. Anahitaji miaka.

Wa tatu ni silikanti. Mwezi wa Julai 2007, wavuvi walimvua mmoja karibu na Nungwi. Urefu wake ulikuwa mita 1 na sentimita 34, na uzito wake kilo 27. Zamani wataalamu walidhani silikanti huishi miaka 20 hivi. Mwaka 2021, wataalamu wa Ufaransa walieleza kwamba walihesabu upya mistari ya magamba yake kwa mwanga maalumu. Wakaona kuwa huweza kuishi karibu miaka 100. Jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka 50 na zaidi, na mimba yake huchukua miaka kama 5.

Fikiri, ndugu msomaji. Silikanti anayekufa leo kwenye jarife alizaliwa labda kabla ya babu yako. Nyama yake haifai, kwani ina mafuta yanayoharisha. Basi anakufa bure, na wa kushika nafasi yake atachukua nusu karne kupevuka.

Tufanye nini?

1. Tuheshimu muda wa kufunga mwamba wa pweza.
2. Tutumie nyavu zenye macho makubwa, ili samaki wadogo wapite.
3. Tusitege majarife kwenye maji ya kina kirefu yenye majabali, maana huko ndiko anakokaa silikanti.
4. Silikanti akinaswa naye yu hai, tumwachie upesi.

Mkulima hujua kwamba mchicha huvunwa baada ya wiki chache, na mnazi husubiriwa miaka. Mvuvi naye ajue umri wa anachokivua.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Vijiwe vya kichwani mwa samaki vinatuonyesha nini?
2. Kwa nini kufunga mwamba kwa miezi michache kunamfaa pweza, lakini hakumtoshi chewa?
3. Waulize wazee wa kijiji chenu: chewa wa zamani walikuwa wakubwa kiasi gani? Wa leo je?